Bawa la Nyuma na Barabara ya Safari: Historia ya Kani Inayolishindilia Gari Chini

Utangulizi

Historia ya mbio za magari husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya injini: nani alikuwa na nguvu nyingi za farasi, nani alikimbia zaidi ya mwenzake katika barabara iliyonyooka. Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini ni nusu tu. Tangu miaka ya 1960 wahandisi wamejua kwamba gari hushinda kwenye kona, na kwenye kona mshindi ni yule ambaye matairi yake yanashika ardhi bila kuteleza. Njia mojawapo ya kuyafanya matairi yashike ni kuyakandamiza kwa kutumia hewa yenyewe. Chombo kinachofanya kazi hiyo nyuma ya gari ndicho tunachokiita hapa bawa la nyuma.

Makala hii inauliza swali moja: je, historia ya bawa hilo kama inavyosimuliwa Ulaya na Marekani inatosha kueleza kilichotokea Afrika ya Mashariki? Ninadai kwamba haitoshi. Katika masimulizi ya kawaida, bawa lilibuniwa, likaonekana kuwa na faida, likaenea kila mahali. Lakini ukilifuatilia katika mashindano ya Safari Rally, ambayo ndiyo mashindano makubwa kuliko yote katika eneo letu, unaona mambo tofauti. Kwa muda mrefu bawa halikuwa na umuhimu huku. Lilipokuja, lililetwa na kanuni kabla ya kuletwa na fizikia. Na mwisho likaingia mitaani mwetu kama alama ya ushindi hata pale ambapo halina kazi. Kwa hiyo mambo matatu yameiongoza historia hii, nayo ni fizikia, kanuni na barabara. Anayeisoma kupitia moja tu kati ya hayo atakosea.

Kani ya kushindilia ni nini?

Kabla ya kuingia katika historia, ni lazima tuelewane kuhusu maneno. Shule nyingi za hapa Burundi hufundisha fizikia kwa Kifaransa, hivyo wengi wetu tunayajua mambo haya bila kuwa na majina yake katika Kiswahili. Katika makala hii nitatumia "kani ya kushindilia" kwa maana ya nguvu ya hewa inayolisukuma gari kuelekea ardhini, "kani ya kuinua" kwa kinyume chake, na "ukinzani wa hewa" kwa nguvu inayolivuta gari nyuma linapokwenda mbele.

Mfano ulio karibu nasi ni mabati ya nyumba. Upepo mkali wa mvua unapopita juu ya paa, shinikizo la hewa juu ya mabati hupungua kuliko lile la chini yake, na bati huvutwa juu. Ndiyo maana watu huweka mawe na matofali juu ya paa. Bawa la ndege hutumia jambo hilohilo kwa makusudi ili liinuke. Bawa la gari la mashindano ni bawa la ndege lililopinduliwa: hewa hupita kwa kasi zaidi chini yake kuliko juu yake, shinikizo la chini hupungua, na bawa huvutwa kuelekea ardhini. Tunaweza pia kulieleza kwa njia nyingine. Bawa huielekeza hewa juu, na hewa nayo hulisukuma bawa chini. Maelezo haya mawili hayapingani. Ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili.

Mambo manne huamua ukubwa wa kani hiyo. La kwanza ni eneo la bawa. La pili ni umbo lake na mwinamo wake, kwa sababu bawa lililoinamishwa zaidi hushindilia zaidi mpaka kufikia kiwango ambapo hewa huachana nalo na faida kuporomoka. La tatu ni msongamano wa hewa. La nne, na kubwa kuliko yote, ni kasi, kwa kuwa kani huongezeka kwa mraba wa kasi. Gari likitoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, kani haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Vivyo hivyo ikipungua: katika mwendo mdogo bawa huwa karibu sawa na mzigo usio na kazi.

Hata pale linapofanya kazi, bawa hudai malipo. Kila kani ya kushindilia huja pamoja na ukinzani wa hewa, na ukinzani huo hupunguza kasi katika barabara iliyonyooka na kula mafuta. Kwa hiyo mhandisi hatafuti bawa lenye kani kubwa kuliko yote. Anatafuta mizani kati ya kona na mnyoofu. Tofauti nyingine ya kukumbuka ni kati ya bawa na kipande cha bati kinachobandikwa moja kwa moja juu ya buti. Kipande hicho kazi yake kubwa ni kuvuruga mkondo wa hewa ili gari lisiinuliwe. Bawa lenyewe hupitisha hewa juu na chini yake, ndiyo maana husimamishwa juu ya nguzo.

Kutoka Nürburgring hadi Barcelona

Mwaka 1928, mjini Berlin, Fritz von Opel aliendesha gari la roketi lililoitwa RAK 2 kwa kasi ya kilomita 238 kwa saa. Gari hilo lilikuwa na mabawa mafupi ubavuni ili lisipae. Wazo lilikuwepo, lakini halikuingia katika mbio za kawaida. Mwaka 1956 mhandisi kijana, Michael May, alipeleka kwenye uwanja wa Nürburgring gari la Porsche 550 lenye bawa kubwa lililosimamishwa juu ya kiti cha dereva, ambalo mwinamo wake uliweza kubadilishwa. Waandaaji walilikataa bawa hilo, naye hakuruhusiwa kushindana nalo. Miaka kumi ilipita bila mtu mwingine kulifufua wazo hilo kwa uzito.

Aliyelifufua ni Mmarekani Jim Hall. Gari lake la Chaparral 2E la mwaka 1966 lilikuwa na bawa refu la nyuma lililosimama juu ya nguzo mbili, na nguzo hizo zilishikamana na sehemu zinazobeba magurudumu, si na bodi ya gari. Maana yake ni kwamba kani ilikwenda moja kwa moja kwenye matairi bila kuzibana springi. Dereva alikuwa na pedali ya mguu wa kushoto ya kulilaza bawa kwenye mnyoofu ili ukinzani upungue. Akiiachia kabla ya kona, bawa liliinama tena. Mwaka huohuo Phil Hill alishinda nalo Laguna Seca. Mwaka 1967 Chaparral 2F, lenye bawa la aina hiyo, lilishinda Brands Hatch nchini Uingereza, na Ulaya nzima ikaona.

Mwaka 1968 mabawa yaliingia katika Formula 1. Kule Monaco timu ya Lotus ilionyesha mabawa madogo ya mbele. Kule Ubelgiji, Ferrari na Brabham zikaja na mabawa ya nyuma. Ndani ya miezi michache kila timu ilikuwa na lake, na kila moja ikataka lake liwe refu kuliko la jirani, kwa kuwa juu hewa ni safi zaidi. Machi 1969 mashindano ya Afrika Kusini yalifanyika Kyalami, karibu na Johannesburg, na huko yalionekana magari yenye mabawa marefu mbele na nyuma. Bara letu lilikuwa jukwaa la majaribio hayo, ingawa chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi Waafrika wengi hawakuwa na nafasi katika mchezo huo.

Miezi miwili baadaye mambo yaliharibika. Tarehe 4 Mei 1969, katika barabara za Montjuïc mjini Barcelona, nguzo za bawa la Lotus ya Graham Hill zilikunjika mahali ambapo barabara hupanda na kushuka ghafla. Gari liligonga vizuizi. Mizunguko michache baadaye, mahali hapohapo, Lotus ya Jochen Rindt ilipatwa na jambo hilohilo na kugonga mabaki ya gari la Hill. Hill alitoka mzima. Rindt aliumia usoni. Rindt aliandika barua ya wazi akitaka mabawa yaondolewe, akisema ni hatari kwa madereva na kwa watazamaji. Siku chache baadaye, mjini Monaco, baada ya mazoezi ya kwanza, wasimamizi walipiga marufuku mabawa marefu. Yaliporuhusiwa tena, yalikuwa mafupi na yaliyofungwa imara kwenye bodi ya gari.

Mwisho wa Rindt unafundisha jambo ambalo mwanafunzi wa historia hapaswi kulirahisisha. Septemba 1970, katika mazoezi ya Monza, alikuwa akiendesha Lotus 72 iliyoondolewa mabawa ili ipate kasi kubwa zaidi kwenye mnyoofu. Gari lilimtoka wakati wa kufunga breki, akafariki, na mwisho wa msimu akawa bingwa pekee wa Formula 1 aliyetwaa taji baada ya kufa. Uchunguzi ulitaja kuvunjika kwa mhimili wa breki ya mbele na vizuizi vilivyofungwa vibaya. Hatuwezi kusema kwamba aliuawa na bawa, wala kwamba aliuawa na kukosekana kwa bawa. Tunachoweza kusema ni kwamba kila uamuzi kuhusu hewa, wa kuongeza au kupunguza, ulikuwa ni uamuzi kuhusu maisha ya mtu aliyekaa ndani.

Wakati huohuo, Afrika ya Mashariki

Sasa tuuchukue mwaka uleule wa 1968 na tutazame huku kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia zake zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikimbiwa katika msimu wa Pasaka, wakati wa masika, katika barabara za udongo zilizokuwa wazi kwa mabasi, ng'ombe na watembea kwa miguu. Katika Safari ya 1968 yalianza magari zaidi ya 90. Yaliyomaliza yalikuwa 7. Mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff katika Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wetu hapa Burundi wanalikumbuka vizuri kama gari la kubebea watu na ndizi.

Kwa hiyo katika mwaka uleule ambapo wahandisi wa Ulaya walikuwa wakigombania urefu wa mabawa, gari bora kuliko yote katika Afrika ya Mashariki halikuwa na bawa lolote. Je, hii inamaanisha kwamba huku tulikuwa nyuma? Jibu langu ni hapana. Swali lililoulizwa na barabara ya huku lilikuwa jingine. Kule Ulaya swali lilikuwa: "Tutapitaje kona hii kwa kasi zaidi?" Huku swali lilikuwa: "Gari litafika?" Jibu la swali hilo lilikuwa springi ngumu, chuma cha kulinda injini kwa chini, vyuma vya mbele vya kuzuia wanyama, na fundi anayeweza kubadilisha ekseli gizani. Bert Shankland wa Tanzania alishinda 1966 na 1967 katika Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya, mtoto wa fundi magari, alishinda 1965 katika Volvo kuukuu iliyokwishatumika, kisha akashinda tena 1974 na 1976 katika Mitsubishi. Shekhar Mehta alishinda mara tano: 1973, na mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hakuna hata ushindi mmoja kati ya hiyo unaoweza kuelezwa kwa kani ya kushindilia.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka katika miaka ya Kundi B, 1982 hadi 1986. Kanuni za kundi hilo zilidai magari 200 tu yatengenezwe, hivyo viwanda vilijenga magari makali mno. Audi Quattro na Peugeot 205 Turbo 16 yalitawala Ulaya, na matoleo yao ya mwisho yalibeba mabawa makubwa ya nyuma. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna Audi wala Peugeot ya Kundi B iliyoshinda Safari. Mwaka 1984, 1985 na 1986 ilishinda Toyota Celica inayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma tu, isiyo na bawa kubwa la aina ile. Kisha mwaka 1986 vifo vya watazamaji kule Ureno na vya Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto kule Corsica viliifanya Kundi B ifungwe. Mwaka uliofuata Hannu Mikkola alishinda Safari katika Audi 200, gari refu na zito la kifahari, likiwa gari la kwanza lenye magurudumu manne yanayosukumwa na injini kushinda huku.

Milima nayo ina neno

Kuna sababu nyingine ya kimaumbile ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kwa nadra: sehemu kubwa ya eneo letu iko juu. Hewa ya juu ni nyepesi. Mombasa, usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya joto ina uzito wa karibu kilo 1.16. Bujumbura, kando ya Tanganyika kwenye urefu wa karibu mita 780, ni karibu kilo 1.08. Naivasha, kwenye mita 1,900 hivi, ni kama kilo 0.96.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua bawa lenye eneo la mita za mraba 0.6 na kizidishi cha umbo cha 1.5. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, bawa hilo litashindilia gari kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 41 kule Mombasa. Likipelekwa Naivasha bila kubadilishwa chochote, kwa kasi ileile, litatoa kilo 34 tu. Karibu sehemu moja kati ya sita imepotea kwa sababu ya mlima. Kwa kilomita 180 kwa saa kule Naivasha, kani inapanda hadi kilo 110 hivi. Kwa kilomita 50, inabaki kama kilo 8 na nusu. Jambo hili linajulikana pia katika Formula 1: mjini Mexico, penye urefu wa zaidi ya mita 2,200, timu hufunga mabawa yao makubwa kabisa na bado hupata kani ndogo.

Hesabu hii inatusaidia kuelewa kwa nini bawa lilichelewa kuwa na maana huku. Katika barabara ya mashimo na mafuriko, ambapo dereva analazimika kupunguza mwendo mara kwa mara, na juu ya hayo hewa ni nyepesi, faida ya bawa ilikuwa ndogo, huku hatari ya kuvunjika kwake kwa mtikisiko ikiwa kubwa. Dereva wa Safari hakulidharau bawa. Alikuwa na mambo mengine ya kulipia kwanza.

Bawa linaletwa na kanuni

Hata hivyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 magari yenye mabawa yalianza kushinda Safari. Nini kilibadilika? Barabara zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni kanuni. Baada ya Kundi B kufungwa, mashindano ya dunia yaliendeshwa kwa Kundi A, ambalo lilidai kiwanda kiuze magari 5,000 ndani ya miezi 12, idadi iliyopunguzwa baadaye hadi 2,500. Gari la mashindano lilipaswa kufanana na lile la dukani. Kwa hiyo kama kiwanda kilitaka bawa kwenye mashindano, kilipaswa kuwauzia bawa hilo maelfu ya watu wa kawaida.

Hapo ndipo bawa lilipotoka uwanjani na kuingia barabarani. Lancia Delta Integrale, Toyota Celica GT-Four, Ford Escort RS Cosworth, Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution yote yaliuzwa kwa umma kwa sababu hiyo. Safari nayo ikawa mlango wa maonyesho: Lancia ilishinda 1988, 1989 na 1991, Toyota Celica ilishinda 1990 na kuanzia 1992 hadi 1995, na mwaka 1993 Toyota ilichukua nafasi zote nne za kwanza. Mwaka 1994 aliyeshinda alikuwa Ian Duncan wa Kenya. Mwaka 1996 ikafuata Mitsubishi, na 1997 Subaru ya Colin McRae, chini ya kanuni mpya zilizowapa wahandisi uhuru zaidi wa kuchora bawa.

Baada ya 2002 Safari ilitoka katika ratiba ya dunia, ikarudi Juni 2021 ikiwa na makao yake Naivasha. Magari yaliyokuja yalikuwa ya kizazi cha kanuni za 2017, yenye mabawa mapana kuliko yote yaliyowahi kuonekana huku. Mshindi alikuwa Sébastien Ogier katika Toyota, na mwaka 2022 Toyota ikarudia kuchukua nafasi nne za kwanza. Mashindano sasa ni mafupi na barabara hufungwa, hivyo kasi ni kubwa na bawa lina kazi ya kweli. Lakini hata leo vumbi laini na mawe ya Naivasha huamua mengi, na gari lililopoteza kipande cha bawa huendelea na safari, wakati gari lililopoteza tairi au mhimili hubaki porini. Mpangilio wa mahitaji haujageuka kabisa.

Bawa mitaani

Magari yale ya Kundi A hayakubaki Japani. Baada ya miaka kadhaa yalianza kushuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yametumika, usukani wake ukiwa kulia, na mengine yakafika Burundi, ambako tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Nairobi Subaru Impreza yenye bawa imekuwa karibu nembo ya ujana. Bujumbura, katika gereji za Buyenzi na kwingineko, unaweza kuona Toyota ya kawaida ikifungwa bawa, jipya au la kuchomelea.

Tukiipima kwa fizikia, kazi yake ni ndogo sana. Chukua bawa dogo la mita za mraba 0.2 lenye kizidishi cha 0.8. Mjini Bujumbura, kwa kilomita 50 kwa saa, litatoa kani isiyofikia uzito wa kilo 2 za mchele. Zaidi ya hayo, magari mengi ya aina hiyo huvutwa na magurudumu ya mbele. Bawa lililofungwa nyuma ya ekseli ya nyuma, likishindilia, hufanya kazi kama mzani: linakandamiza nyuma na kupunguza kidogo uzito wa mbele, palepale ambapo gari linahitaji kushika. Katika mwendo wa mjini haidhuru. Lakini katika barabara inayoteremka kutoka Bugarama, bawa lililochomelewa bila kupimwa linaweza kukatika na kumwangukia mwendesha baiskeli aliyebeba ndizi nyuma yake. Somo la Barcelona ni hilihili: nguzo dhaifu ni hatari hata kama bawa ni zuri. Tena, katika nchi ambayo madereva wamezoea kupanga foleni ya mafuta, kila kitu kinachoongeza uzito na ukinzani kina bei, hata ikiwa ndogo.

Je, basi vijana hao ni wajinga? Mwanahistoria hapaswi kusema hivyo. Wao wanajua bawa lilitoka wapi: lilitoka kwenye magari yaliyoshinda. Wanachokifunga ni kumbukumbu ya ushindi. Kanuni ya Kundi A iliuza bawa kwa umma, na umma ukalipa maana yake wenyewe. Na fundi anayelichomelea kwa jicho tu, bila mchoro, ni ndugu wa mafundi waliolifikisha gari la Joginder Singh mwisho wa safari. Anachokikosa si akili. Anakosa vipimo, na mara nyingi anakosa maneno ya kuvieleza vipimo hivyo katika lugha anayofanyia kazi.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba historia ya bawa la nyuma si mstari mmoja ulionyooka. Fizikia ilisema nini kinawezekana: kani inayokua kwa mraba wa kasi na kupungua kadiri tunavyopanda mlima. Kanuni zilisema nini kinaruhusiwa: zilimkataa Michael May, zikayakata mabawa ya 1969, zikayapeleka mengine dukani kwa njia ya Kundi A. Barabara nayo ilisema nini kina maana: katika Safari ya 1968 ilichagua Peugeot 404 isiyo na bawa, na kwa miaka mitatu mfululizo ikazikataa Audi na Peugeot za Kundi B.

Jambo hili lina uzito kwetu leo. Desemba 2024, mjini Kigali, Rwanda ilitangaza rasmi kwamba inataka kuandaa mashindano ya Formula 1. Kenya imekwishairudisha Safari katika mashindano ya dunia. Inawezekana kabisa kwamba kizazi chetu kitaona magari yenye mabawa ya hali ya juu yakikimbia saa chache kutoka hapa, katika milima ambako hewa ni nyepesi na hesabu za Ulaya zinahitaji kufanywa upya. Tutakuwa watazamaji tu, au tutakuwemo miongoni mwa wanaofanya hesabu hizo? Jibu halitegemei fedha peke yake. Linategemea pia kama mwanafunzi wa fizikia na fundi wa gereji wanaweza kukaa meza moja na kuzungumza juu ya kani, mwinamo na ukinzani kwa lugha ambayo wote wawili wanaielewa. Kiswahili kinaweza kuwa lugha hiyo, lakini hakitakuwa hivyo mpaka tukitumie kwa mambo ya namna hii, katika madarasa yetu na katika maandishi yetu.